Diski Imejaa: Nani Anakula?

Hotuba hii ilitolewa Kisumu mbele ya watu wenye seva ndogo majumbani na mafundi wanaozihudumia. Waliokosa kufika waliomba iwekwe yote, na hii hapa. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, wazazi mlioburutwa hapa na watoto wenu, hamjambo?

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie diski zilizojaa. Kuna watu humu wanaojiuliza kama hata wana seva. Unayo. Ni ile kompyuta kuukuu ya ofisini iliyotoka ng'ambo, ukainunua kwa bei ya simu ya kawaida, ukaitia mfumo wa Linux kama Ubuntu au Debian, ukaificha nyuma ya televisheni. Haina kioo wala kibodi. Inatunza picha za familia, sinema za watoto, rekodi za kamera za lango na hesabu za duka. Inafanya kazi miezi na miezi bila mtu kuikumbuka, kisha asubuhi moja inagoma. Picha hazipandi. Programu ya hesabu inafunguka na kujifunga yenyewe. Ukiingia kwa laptopu unakuta ujumbe mmoja tu: hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa.

Hapo mkono unaanza kuwasha. Nifute nini? Kila mtu huanza na swali hilo, na mimi nawaambia ni swali baya. Swali la kwanza ni: nani anakula? Semeni nami. Nani anakula? Tena. Nani anakula? Ahsanteni. Anayejua nani anakula hupata nafasi kwa amri mbili. Asiyejua hufuta harusi ya mtu.

Na hiyo harusi si mfano wa kubuni. Kuna dada mmoja wa Nakuru mwenye studio ya picha na video. Seva yake ilikuwa na diski ya terabaiti 2 ya kazi za wateja, na diski ndogo ya gigabaiti 120 ya mfumo. Siku iliyojaa, akafanya ambalo wengi wenu mngefanya: akatafuta faili kubwa kuliko zote, akaikuta harusi ya gigabaiti 200, akaifuta. Akajaribu tena. Bado imejaa. Akafuta ruracio, sherehe ya mahari. Bado imejaa. Aliponipigia alikuwa ameshafuta kazi ya miezi miwili, na ile diski kubwa ilikuwa wazi kuliko nusu hata kabla hajaanza. Iliyojaa ilikuwa ile ndogo. Bahati yake mpiga video alikuwa bado hajafuta kadi zake, la sivyo bibi harusi angefika na ndugu zake wote.

Fikirini ploti ya nyumba za kupanga kule Kondele. Chumba cha tatu kina watu tisa, chumba cha nne kitupu. Anayelala mlangoni pa chumba cha tatu hasaidiki kwa utupu wa chumba cha nne, maana kuna ukuta katikati. Patisheni ndizo vyumba hivyo. Diski moja inaweza kuwa nazo tatu, nne, na moja ikijaa, haiulizi jirani.

Kwa hiyo amri ya kwanza kabisa, kabla mkono haujagusa chochote, ni df -h. Isome kutoka kulia: safu ya mwisho inakuambia patisheni imeunganishwa wapi, ile inayoitangulia inakuambia asilimia iliyotumika. Yenye mkwaju mmoja (/) peke yake ni ya mfumo. Ukishajua chumba, ingia ndani na du -xh --max-depth=1, uipitishe kwenye sort -h ili kubwa ishuke chini kabisa. Ile x usiisahau. Inaiambia du isivuke ukuta kwenda patisheni nyingine. Bila x utahesabiwa na terabaiti za harusi, urudi pale pale alipokuwa dada yetu. Anayependa kuona kwa mishale badala ya kuandika aweke ncdu. Na msidhani hivi ni vitu vipya vya vijana: df na du zilikuwemo kwenye toleo la kwanza la Unix, babu wa Linux, mwaka 1971. Wengi humu hatukuwa tumezaliwa.

Basi, nani alikuwa anakula kwa dada wa Nakuru? Kikulacho ki nguoni mwako. Ilikuwa ni logi, yaani faili ambamo programu zinaandika kila zinalofanya. Alikuwa anaendesha programu zake ndani ya Docker, inayofungia kila programu kwenye kisanduku chake kiitwacho kontena, na Docker kwa kawaida yake haiwekei logi za kontena kikomo chochote. Programu moja ilikuwa inalalamika kwamba haioni kamera, mara kadhaa kwa sekunde, usiku na mchana, kwa miezi. Malalamiko hayo yalifika gigabaiti 70. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa max-size kwenye faili ya daemon.json, halafu kuziunda kontena upya, kwa sababu kikomo hakizigusi zilizokuwepo tayari. Hakuna harusi iliyohitaji kufutwa.

Washukiwa wengine nitawapitisha haraka, maana hawa mnawajua. Jarida la systemd, yaani logi ya mfumo wenyewe, lina adabu kidogo: linajizuia kwenye asilimia 10 ya patisheni na halivuki gigabaiti 4, lakini kwenye diski ndogo gigabaiti 4 ni nyingi. Sema journalctl --vacuum-size=200M, kisha uweke SystemMaxUse ili lisinenepe tena. Nakala za vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa zinaondoka kwa apt clean, programu zenyewe zinabaki. Kerneli za zamani, yaani viini vya mfumo, hujaza /boot ikiwa ni patisheni yake ndogo. Mwachie apt autoremove aziondoe, usizifute kwa mkono, hasa ile unayoitumia sasa. Na docker system prune ni nzuri, lakini ukimwona mtu mtandaoni anakuambia uongeze --volumes mwishoni, simama. Humo ndimo data za watu zinakaa.

Sasa nije kwenye jambo la pili, na hapa ndipo naomba hata mliokuwa mnachati mweke simu chini. Mnafanyaje df ikisema imejaa, na du ikisema hakuna kitu?

Kijana mmoja anayeendesha saiba hapa mjini alikumbana na hilo. Aliikuta logi ya gigabaiti 18, akafurahi, akaifuta kwa rm. Akaita df. Asilimia 100. Akaita tena. Asilimia 100. Akaapa kwamba mashine imerogwa. Naona mnacheka, lakini mngekuwa pale saa nne usiku na wateja wa kuchapisha fomu wanangoja asubuhi, mngetafuta mchawi pia.

Haikurogwa. Kwenye Linux, jina la faili na kilichomo ndani ni vitu viwili. Ukisema rm unaondoa jina. Kilichomo kinabaki kwenye diski mpaka programu ya mwisho inayokishikilia ikiachilie. Ile programu ya kuhesabia muda wa wateja ilikuwa bado imeishikilia logi, tena inaendelea kuandika ndani ya faili isiyo na jina. du hutembea kwa majina, haikuona kitu. df huuliza mfumo wa faili wenyewe, ikajibu kweli. Andikeni amri hii: lsof +L1. Inakutajia faili zote zilizopoteza jina na nani amezishika. Ukishamjua, mwanzishe upya. Nafasi inarudi papo hapo. Na siku nyingine, logi ambayo bado inaandikwa usiifute, ipunguze hadi sifuri kwa truncate -s 0. Nani anakula? Yule uliyedhani umeshamfukuza.

Huyo ni mwepesi. Mzito ni huyu wa Kakamega.

Mzee mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi. Mtoto wake, hodari kweli, alimwekea seva na diski ya nje ya USB, na skripti inayonakili hesabu zote kila usiku saa nane kwenda folda ya /mnt/bekapu. Kazi safi. Basi ikaja wiki ya mvua na radi, stima inapotea na kurudi, inapotea na kurudi. Seva ikawaka, ile diski ya USB ikachelewa kuamka, haikuunganishwa. Saa nane usiku skripti ikafika. Je, ilikuta folda ya /mnt/bekapu? Ndiyo, folda ipo, maana folda ni folda hata kama hakuna diski nyuma yake. Ikamwaga nakala yote ndani. Wapi? Kwenye diski ya mfumo. Usiku uliofuata, vivyo hivyo. Hatimaye mtoto akaja likizo, akaona diski haijaunganishwa, akaiunganisha, akarudi chuo akiwa ameridhika.

Mnaona kilichotokea? Diski ilipounganishwa ilikaa juu ya folda ile, ikafunika kila kilichokuwa chini yake. Nakala za wiki nzima zipo, zinakula patisheni ya mfumo, na hakuna anayeweza kuziona. du haizioni. ncdu haizioni. lsof haisemi kitu. Mfumo ulipojaa, fundi wa pili akamuuzia mzee wazo la kununua diski mpya. Fundi wa tatu akataka kupiga fomati mashine nzima.

Ukikutana na hali hii, huna haja hata ya kuzima kitu. Unda folda tupu, tuseme /mnt/chini, kisha sema mount --bind / /mnt/chini. Sasa patisheni ya mfumo unaiona mara ya pili, safari hii bila diski zilizopandishwa juu yake. Piga du huko ndani. Kwa mzee wa Kakamega zilijitokeza mara moja, gigabaiti baada ya gigabaiti, kila folda na tarehe yake.

Na kinga yake? Kwanza, kwenye fstab, faili inayoiambia seva iunganishe diski zipi, itambulishe diski kwa UUID, namba yake ya pekee, si kwa sdb au sdc, kwa sababu majina hayo hubadilika. Ongeza nofail, ili diski ikikosekana seva iwake hata hivyo. Pili, skripti ianze na mountpoint -q. Kama hakuna diski pale, ikome na ipige kelele. Tatu, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote: diski ikiwa imetolewa, chukua ile folda tupu uipige chattr +i. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kuandika ndani yake, hata root, msimamizi mkuu wa mashine. Diski ikiwepo, inakaa juu na kuandikwa kama kawaida. Ikikosekana, bekapu inagonga ukuta na unapata habari asubuhi, badala ya kuzipata mwaka ujao.

Kuna aina ya tatu ya ujazo usioonekana, nisiipite kimya. df -h inasema kuna gigabaiti 9 wazi, lakini faili hata ya herufi moja haikubali. Piga df -i. Kila faili inahitaji inodi yake, yaani kadi ya kumbukumbu zake, na ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, ikiundwa kwa kawaida hutenga inodi moja kwa kila kilobaiti 16. Patisheni ya gigabaiti 20 inapata kama milioni 1.3 hivi. Mwenye picha ndogondogo za jalada au vipande vya vikao vya tovuti huzimaliza akiwa na nafasi tele. Tafuta folda yenye faili nyingi, si yenye faili kubwa. Ni utafutaji tofauti kabisa.

Jambo la tatu: kupanua. Hapa nitasema maneno yatakayowaudhi wauza diski. Kabla hujatoa pesa mfukoni, hakikisha huna nafasi uliyokwisha kuilipia.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Bungoma alikuwa na diski mpya ya gigabaiti 500. Anahifadhi humo masomo aliyorekodi, mitihani ya zamani, na kwaya ya kanisa. Ikajaa ikiwa na chini ya gigabaiti 100 za vitu vyake. Akasema ameuziwa diski bandia. Mwalimu, nikamwambia, andika vgs. Safu ya mwisho ikaonyesha zaidi ya gigabaiti 350 hazijawahi kuguswa na mtu. Kisakinishi cha Ubuntu Server, ukikubali LVM, mpango wa kugawa diski unaoruhusu kupanua baadaye, kama kinavyopendekeza, kwenye diski kubwa huipa patisheni ya mfumo gigabaiti 100 tu, na zilizobaki kinaziacha zikisubiri uamuzi wako. Wangapi humu waliambiwa hivyo wakati wa kusakinisha? Hakuna mkono. Imeandikwa kwenye kioo, lakini nani husoma kioo hicho?

Amri moja: lvextend -r -L +100G ikifuatiwa na jina la kigawanyo, yaani patisheni ya LVM. Ile r inapanua na mfumo wa faili humo humo, seva ikiwa inafanya kazi, kwaya ikiwa inaimba. Nilimshauri asichukue zote. Zikibaki, kesho unaweza kumpa anayehitaji. Ukishazigawa zote, kuzirudisha ni shida. ext4 hupanuka ikiwa kazini lakini haipungui mpaka uitoe kwanza, na XFS, mfumo mwingine wa faili, hupanuka tu, kupungua haitaki kusikia. Na kama huna LVM, mara nyingi ni rahisi kuhamishia folda nene kwenye diski nyingine kuliko kusogeza kuta za patisheni. Ukilazimika kuzisogeza, nakala kwanza, na usifanye hivyo mvua ikinyesha. Mnajua stima yetu.

Kuna nafasi nyingine mliyoilipia. ext4 huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya root, ili mfumo ukijaa bado uweze kuingia na kusafisha. Kwenye patisheni ya mfumo, iacheni, ndiyo itakayowaokoa. Lakini kwenye diski ya sinema ya terabaiti 2, asilimia 5 ni gigabaiti 100 zilizokaa bure. tune2fs -m 1, na sehemu kubwa inarudi. Ama wewe uliyenifuata mlangoni ukilalamika kwamba terabaiti 1 yako inaonekana 931: muuzaji anahesabu kwa elfu, df -h inahesabu kwa 1024. Jaribu df -H, herufi kubwa. Hujaibiwa. Angalau si hapo.

La nne, na la mwisho. Kuna mlaji ambaye hakuna amri inayomtoa, kwa sababu umemkaribisha mwenyewe.

Mzee mmoja wa hapa Milimani ana kamera nne: lango, kibanda cha kuku, gari, na nyuma ya nyumba. Diski ya terabaiti 1 ikajaa. Akanunua ya terabaiti 2. Ikajaa. Akaniuliza anunue ya ngapi. Nikamwambia, baba, tuhesabu. Kamera moja inatoa megabiti 2 kwa sekunde. Kwa siku ni gigabaiti 21.6. Kamera nne ni gigabaiti 86.4 kila siku inayokucha, kuku wawepo wasiwepo. Terabaiti 1 haimalizi siku 12. Terabaiti 2 ni siku 23. Ya 4, siku 46. Hakuna diski itakayomtosha, kila anayonunua inamwongezea siku tu. Nikamuuliza, mara ya mwisho kutazama rekodi ya wiki iliyopita ni lini? Akafikiri. Hajawahi.

Tukaandika siku 7 ndani ya programu ya kamera. Hiyo ni kama gigabaiti 605, na ile diski yake ya kwanza ikatosha na kubaki. Ya pili ikawa ya bekapu. Rekodi tukazipa patisheni yake, ili siku programu ikikosea kufuta, ijaze chumba chake bila kuangusha mfumo. Na kama kamera yako inamwona jirani akienda kwake, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haipendi uweke habari za mtu muda mrefu kuliko unavyozihitaji. Kwa hiyo kufuta si uvivu hapa.

Nasema haya kwa sababu wengi mnatafuta amri ya uchawi wakati kinachokosekana ni uamuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua karatasi. Sinema: zinaweza kupakuliwa tena, ondoa. Rekodi za kamera: siku 7. Hesabu za duka: sheria ya kodi inataka miaka 5, weka. Picha za mama akiwa hai: milele, na milele maana yake nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Mpelekee shangazi Eldoret diski, akuwekee kabatini. Na tafadhali, diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja ndani ya mashine moja si bekapu. Ukifuta kimoja, kimefutika kote kwa sekunde ile ile.

Weka pia kengele. Skripti ya mistari mitano kwenye cron, programu inayoendesha kazi kwa saa ulizopanga, inayokutumia ujumbe patisheni ikifika asilimia 80. Si 95. Kwenye 80 una wikendi ya kufikiri, kwenye 95 una usiku mmoja. Na ukinunua diski iliyotumika, ipige smartctl -a mbele ya muuzaji, uangalie sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika. Zikizidi sifuri, mrudishie na umshukuru.

Mimi nimefika. Ndugu wa pale nyuma mwenye mashine ndani ya gunia, ilete hapa mbele, waya wa mtandao uko chini ya meza. Na dada wa safu ya kwanza, uliyesema yako imekaa kwenye asilimia 100 tangu Alhamisi na du haioni kitu: hebu tuambie kwanza, kuna diski ya USB umeichomeka humo?